Mtu wa Mistari na Uzito Wake

Katika viumbe vyote ambavyo wachoraji wa sinema za katuni waliamriwa kuvitia uhai kwa kalamu ya risasi, tangu panya avaaye suruali hata joka litemalo moto, hapakuwa na kiumbe aliyewatoa jasho kuliko mwanadamu wa kawaida, mwenye miguu miwili, asiye na kibiongo wala pua ya ajabu, aingiaye chumbani akavuta kiti na kukaa. Joka hakuna aliyeliona, na kwa hiyo hakuna awezaye kusimama kati ya watazamaji akashuhudia kwamba joka haliendi vile. Lakini mwanadamu tumezaliwa mikononi mwake, tumebebwa mgongoni mwake, tumemsubiri mlangoni jioni na kumtambua kwa mwendo kabla ya kumwona uso, na hata mtoto asiyejua kusema humkataa kwa macho mtu aliyechorwa vibaya, ijapokuwa hawezi kueleza kilichomchukiza.

Nasema haya nami sikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa sanaa hiyo. Nilikuwa mtu wa daraja ya chini katika karakana ndogo ya London, mnamo miaka ya 1970, ghorofani juu ya duka la vitambaa huko Soho, ambako tulitengeneza matangazo ya televisheni ya sabuni, biskuti na bima ya maisha. Na kazi niliyoajiriwa ilikuwa kuchora michoro ya kati. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde, na katuni iliyochorwa kwa ukamilifu huhitaji aghalabu michoro 12 kwa sekunde hiyo, kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, au michoro 24 mwendo unapokuwa wa kasi. Basi mchoraji mkuu huchora zile hali zinazobeba maana, mkono umeinuka, mkono umeshuka, kisha humwachia mtu kama mimi kuzijaza zilizo baina yake. Meza ina kioo chenye taa chini yake; karatasi zimetobolewa matundu na kuvikwa katika vijiti vya chuma ili zisihame hata kwa unene wa unywele; na vidole vya mkono wa kushoto huzishika karatasi kadhaa pamoja na kuzipekua mbele na nyuma huku mkono wa kulia ukichora, hata jicho likauona mwendo kabla haujapelekwa kwenye kamera. Mtu asiyeipenda kazi hii huiona ni utumwa. Mimi niliipenda, kwa kuwa ilinipa ruhusa ya kukaa siku nzima nikilitazama jambo dogo ambalo watu wengine hulipita.

Nilikuwa nimefika huko kwa njia ya kando. Kwetu Mombasa, na Lamu alikokuwa ami yangu aliyechonga nakshi za milango, mkono wa kijana haukufunzwa kuchora watu. Ulifunzwa mizabibu, mayungiyungi, minyororo na mawaridi, na aliyejaliwa zaidi alifunzwa khati, aina zake na pumzi zake, jinsi kalamu inavyonenepa ikiteremka na kukonda ikipanda. Maalim wetu wa chuoni alipoona siku moja nimechora uso wa mtu pembeni mwa ubao wangu, aliufuta kwa kidole alichokitia mate, bila hasira yoyote, akaniambia kwamba mwenye kuchora sura ya mtu ataambiwa Siku ya Kiyama aitie roho, naye hataweza. Maneno yale sikuyadharau wakati ule na siyadharau leo. Lakini nakiri kwamba miaka mingi baadaye, kila nilipozipekua karatasi zangu na kuona kile kimtu cha sabuni kinainua bega kikawa maiti vile vile, nilimkumbuka Maalim na kuona kuwa alikuwa amelifahamu tatizo la kazi hii vizuri kuliko mwajiri wangu.

Wamarekani wenyewe walilitambua tatizo hilo mapema. Mwaka 1934 karakana ya Walt Disney ilitoa filamu fupi iitwayo The Goddess of Spring, ambayo shujaa wake, Persephone, alikuwa mwanamke mzuri wa kutazamwa akiwa amesimama. Alipoanza kucheza, mikono yake ilipindapinda pasipo kiwiko, mithili ya mpira, na miguu yake ikaelea juu ya majani pasipo kuyalaza. Waliokuwa wamemchora walikuwa stadi wa kuchora panya na bata, na panya haulizwi kiwiko chake kiko wapi. Disney naye alikuwa tayari ana nia ya kutengeneza filamu ndefu ambayo msichana wa kibinadamu angekuwa katikati yake, na watazamaji wangetakiwa wamlilie. Na nani angemlilia mtu asiye na mifupa?

Dawa waliyoitafuta ilikuwa shule. Tangu mwaka 1932 mmoja wa wachoraji, Art Babbitt, alikuwa akiwaalika wenzake nyumbani kwake jioni wamchore mtu hai aliyekaa mbele yao. Disney aliposikia, aliyahamisha madarasa hayo yakafanyika katika karakana yake mwenyewe, akamleta Don Graham, mwalimu wa Chouinard, chuo cha sanaa cha Los Angeles, awafundishe. Graham hakutosheka na kumkalisha mtu kimya juu ya kiti ili anakiliwe. Aliweza kumwamuru afanye tendo, aruke au ageuke au aokote kitu, kisha aondoke, na wanafunzi wachore walichobakiwa nacho akilini. Maana kwa mchoraji wa katuni umbo lililotulia halina faida kubwa, na anachohitaji kukihifadhi ni njia ambayo mwili uliipita kutoka hali moja kwenda nyingine. Sijui ni wangapi katika walimu wetu wa leo wangethubutu kumwambia mwanafunzi afumbe macho kabla ya kuchora.

Filamu yenyewe, Snow White and the Seven Dwarfs, ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1937 katika ukumbi wa Carthay Circle, Los Angeles. Ina dakika 83. Ukizizidisha kwa sekunde na kwa picha utapata zaidi ya laki moja na elfu kumi na tisa zinazopita mbele ya jicho. Msichana huyo alikabidhiwa hasa watu wawili, Hamilton Luske na Grim Natwick, na uchaguzi huu wa pili hunifurahisha kila niufikiriapo, kwa kuwa Natwick ndiye aliyembuni Betty Boop mwaka 1930 huko New York, yule mwanamke wa kope ndefu na gauni fupi, na wakati huo huo alikuwa mtu aliyekwenda Vienna katika miaka ya 1920 kusoma uchoraji wa umbo la mwanadamu kwa kanuni zake za zamani. Mkono mmoja ulijua mzaha na mifupa pia. Aliishi miaka 100 kamili, akafariki mwaka 1990.

Ili wachoraji wapate pa kuegemea, walimchukua msichana mcheza dansi, Marge Belcher, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Marge Champion, wakampiga filamu akitembea, akizunguka, akiinama kana kwamba anatazama kisimani. Mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba walijaribu kumvisha kofia ngumu ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani ili kichwa chake kilingane na kile kikubwa cha msichana wa katuni, ikawa joto lisilovumilika chini ya taa, wakaivua. Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna jambo lote ninalotaka kulieleza. Umbo la Snow White halikuwa umbo la Marge: kichwa kilikuwa kikubwa zaidi kwa kiwiliwili chake, macho yamepanuliwa, kiuno kimepandishwa, na kwa hiyo aliyeweka karatasi juu ya picha na kufuata kingo zake hakupata msichana yeyote kati ya hao wawili. Ilibidi mchoraji aichambue picha, aamue kipi ni cha lazima, yaani jinsi sketi inavyochelewa kugeuka baada ya nyonga kugeuka, jinsi kichwa kinavyotangulia mabega, kisha akijenge upya katika mwili mwingine. Mwana wa mfalme aliyepaswa kuja kumwamsha hakujengeka hivyo. Aliwashinda, na wakampunguzia nafasi mpaka akawa mtu wa kuimba mwanzoni na kubusu mwishoni.

Hapa sina budi kuitaja rotoskopu. Ilikuwa zana ya Max Fleischer wa New York, aliyepewa hati yake ya ubunifu mwaka 1917: filamu ya mtu halisi humulikwa picha moja baada ya nyingine chini ya kioo, na mchoraji huifuata kwa kalamu. Nduguye, Dave, alivaa nguo za mchekeshaji akacheza mbele ya kamera, na kutokana na kuchezacheza kwake akazaliwa Koko, mchekeshaji wa wino; na Koko alifaulu, kwa sababu nguo zake pana na uso wake wa unga vilimwachia mchoraji nafasi ya kufanya apendavyo. Lakini mwishoni mwa mwaka 1939, walipotoa filamu ndefu ya Gulliver's Travels, wakamfuata Gulliver mstari kwa mstari kutoka kwa mtu halisi, huku wale watu wadogo wa Lilliput wakichorwa kwa mtindo wa katuni, alitokea jitu aliyelala ufuoni kama mgeni aliyekosea ukumbi. Kila kiungo chake ki mahali pake, kila kunjo la koti lake ni la kweli, na bado hana uzito; unahisi upepo ungevuma kidogo tu angepaa.

Kwa muda mrefu sikuifahamu sababu. Mzee aliyekuwa msimamizi wetu pale Soho, Mwingereza mkavu wa maneno ambaye alikuwa amechora katuni za mafunzo ya askari wakati wa Vita vya Pili, alitufanyia jaribio. Alileta kipande cha filamu ya mtu anayeinua gunia la viazi kutoka sakafuni hadi begani. Baadhi yetu aliwaamuru waifuate picha kwa picha. Waliobaki, nami nikiwamo, tuitazame mpaka tutosheke, kisha tuchore pasipo kuiona tena. Tulipozipiga picha kazi zetu na kuzionesha ukutani, ile iliyofuatwa ilikuwa sahihi na ya kuchosha: mistari ya nguo iliogelea, kwa kuwa mfuataji hawezi kuamua vile vile kila mara ukingo wa kivuli uko wapi, na gunia lilionekana limejazwa pamba. Yetu ilikuwa na makosa mengi ya viungo. Gunia, hata hivyo, lilikuwa zito. Kwa sababu kila mmoja wetu, akiwa hana picha ya kumwokoa, aliinama zaidi kuliko yule mtu alivyoinama, akachelewesha gunia kuondoka chini wakati mgongo umekwisha kukaza, akampa hatua moja ya kuyumba upande alipolipokea begani.

Mzee alizima taa ya mashine akasema maneno machache, na kwa kadiri nilivyomwelewa maana yake ilikuwa hii. Mtu aliye hai mbele yetu, uzito wake tunauhisi kwa njia nyingi kwa pamoja: kwa ngozi inayotikisika, kwa vivuli, kwa kishindo cha kisigino, kwa pumzi. Ukimvua vyote hivyo ukamwachia ukingo wa mstari peke yake, uzito nao umekwenda pamoja na vilivyovuliwa, na mchoraji anawajibika kuurudisha kwa kiasi kinachozidi kile cha asili. Anayenakili kwa uaminifu anarudisha kiasi kile kile cha asili, na kiasi hicho hakitoshi.

Wakati huo yalikuwa yakizunguka mikononi mwetu maandiko ya mihadhara ambayo Art Babbitt, yule yule wa madarasa ya jioni, ambaye pia alimchora Malkia mwovu wa Snow White na kisha akawa miongoni mwa vinara wa mgomo wa wafanyakazi wa Disney mwaka 1941, alikuwa ameyatoa mwaka 1973 katika karakana ya Richard Williams, pale Soho Square. Sikuwapo; niliyapata maandiko hayo yamenakiliwa kwa mashine mara nyingi hata michoro yake imefifia, nikayasoma kama watu wanavyosoma barua ya aliyeko ng'ambo. Humo na katika mazungumzo ya wachoraji wa mtaa ule ndimo nilimojifunza kutembea. Mtu anapotembea huwa anaanguka, na mguu wa mbele humdaka. Mchoraji anayeanza, asiyejua, huchora visigino vikigusa chini na miguu ikipitana, akadhani amemaliza, ilhali hali inayobeba maisha yote ni ile inayofuata mguso, pale goti linapokunjika kuupokea mwili na kichwa kikashuka chini kuliko wakati wowote wa hatua, na baada yake ile ambapo mwili unasukumwa juu na kichwa kikapanda. Mtu ambaye kichwa chake hakipandi wala kushuka anateleza, hatembei. Katika mwendo wa askari hatua moja huchukua picha 12, yaani nusu sekunde. Ongeza picha nne, akawa mtu anayewaza. Ongeza nane, amechoka au ni mzee. Huzuni, kiburi, na deni vyote nimewahi kuviona vikichorwa kwa kuhamisha tu ile picha ya kushuka mahali pake.

Nilipopata likizo ya kwenda nyumbani, nilikaa asubuhi nyingi katika Bandari ya Kale ya Mombasa na daftari mapajani, wakati mahamali walipokuwa wakiteremsha boriti kutoka jahazini. Nilidhani ninawajua watu wale, kwa kuwa nimewaona tangu utotoni. Ikadhihirika kwamba nilikuwa nimezitazama nyuso zao tu. Shingo ya mwenye mzigo haichezi hata kidogo. Magoti ndiyo yanayokunywa mtikisiko wote, hatua zinafupika na kuwa za harakaharaka, kiganja kisichoshika mzigo hufunguka vidole kana kwamba kinashika hewa. Na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mtu akishautua mzigo haurudii mwili wake mara moja, husimama kitambo angali amebeba kisichokuwapo, kisha mabega ndiyo hukumbuka. Hamali mmoja alinijia akachungulia daftari.

"Bwana, wanichora mimi ama mzigo?"

"Vyote viwili, ndugu yangu."

"Basi mzigo uchore mdogo kidogo," akasema, akarudi jahazini.

Pale pale bandarini, na vichochoroni nilipokuwa nikirudi, walipita wanawake waliovaa mabuibui, ambao hakuna kiungo chao ninachoweza kukiona, na bado shangazi yangu alitambulikana kutoka mwisho wa mtaa. Kitambaa ndicho kilichosema: kiliondoka baada yake, kikasimama baada yake, na katika pengo hilo dogo ulikuwamo umri wake na nyonga yake iliyovunjika zamani. Nilipoitazama upya sketi ya Snow White baada ya hapo niliona wazi kwamba wale watu wa mwaka 1937 waliuelewa mwili kupitia nguo, na kwamba aliyewafunza hilo, Marge Belcher, hakustahili kukosa jina lake katika orodha ya waliotengeneza filamu.

Uzuri, hata hivyo, ni balaa kwa mchoraji. Cinderella ya mwaka 1950 ilitengenezwa wakati Disney alipokuwa na madeni ya miaka ya vita, na ili kuepuka kupoteza michoro, karibu kila tendo la watu wa filamu hiyo lilipigwa kwanza filamu ya watu halisi, Helene Stanley akiwa ndiye Cinderella. Frank Thomas, mmoja wa mafundi wakuu, alilalamika kwamba mchoraji anabanwa na mahali kamera iliposimama, hawezi tena kuwaza zaidi ya pale. Cinderella mwenyewe aligawanywa baina ya Eric Larson na Marc Davis, na wawili hao hawakumwona kwa jicho moja: wa Larson ni binti wa nyumbani, mwepesi, wa Davis ana uluwa na shingo ndefu; ikawa kazi ya wasaidizi kuwapatanisha wasichana wawili wawe mmoja. Ukiitazama kwa makini utawaona wakipishana. Lakini uso wa msichana mzuri unakataza kila kitu. Mstari mmoja kando ya pua umemwongezea miaka kumi. Jicho likisogea kwa upana wa ncha ya kalamu, huyo si yeye tena. Kwa hiyo mchoraji wake hutumia muda wake mwingi akijizuia, na kujizuia huonekana.

Mtazame sasa mama wa kambo, Lady Tremaine, ambaye alichorwa na huyo huyo Frank Thomas aliyelalamika. Amekaa kitandani gizani, anamimina chai, anamgawia binti kazi za siku. Hatikisiki ila kidogo, na hofu inajaa chumbani. Yeye ana mifupa ya mashavu, ana kope nzito, ana kidevu kinachoweza kuinuliwa, na ameruhusiwa kuwa na umri. Katika filamu zote za aina hii sijaona mwanadamu wa mistari aliye mzito kuliko yeye, na humweka juu ya binti wafalme wote.

Mwisho wa njia hii ya uzuri ulikuwa Sleeping Beauty, mwaka 1959, filamu ya pazia pana ambamo mandhari ya Eyvind Earle, yenye miti iliyonyooka na majani yaliyochorwa moja moja, iliwalazimisha hata watu wawe na pembe. Aurora wa Marc Davis ana mikunjo ya nguo na nywele zilizopangwa kama nakshi, na nakiri kuwa jicho langu la Kilamu lilistarehe hapo kuliko penginepo. Usafi wa mistari yake ulisimamiwa na Iwao Takamoto, Mmarekani wa asili ya Kijapani, aliyezaliwa Los Angeles na ambaye wakati wa vita alifungiwa pamoja na familia yake katika kambi ya Manzanar. Huko huko kambini, wafungwa wenzake waliokuwa na uzoefu wa kazi za sanaa walimfundisha kuchora, na mwaka 1945 akaingia kwa Disney. Alipoiacha kazi ya mabinti wafalme alikwenda Hanna-Barbera akambuni mbwa, Scooby-Doo. Ninamwelewa. Huko ndiko pia ambako, kwa kubana matumizi ya televisheni, hata wanyama walivishwa kola na tai ili kichwa kiweze kugeuka peke yake na kiwiliwili kisichorwe upya, na shingo ya kiumbe wa katuni ikafichwa kwa muda wa kizazi kizima.

Baada ya Sleeping Beauty, iliyogharimu mno, Ub Iwerks aliitengenezea karakana ya Disney njia ya kuhamisha mchoro wa risasi moja kwa moja hadi kwenye seluloidi kwa mashine ya Xerox, na One Hundred and One Dalmatians ya mwaka 1961 ikaonesha mstari wenyewe wa mchoraji, wenye ukwaru wake. Walt Disney hakuupenda. Mimi naona ndipo mwanadamu alipopumua: Roger wa Milt Kahl ana viwiko, ana magoti, anaweza kukosa nidhamu ya mwili, na Cruella de Vil, kazi ya mwisho ya Marc Davis katika katuni, ni mifupa iliyovikwa koti zito, na sehemu kubwa ya uigizaji wake inafanywa na koti lile, ambalo huja chumbani nyuma yake kwa kuchelewa.

Siku hizi vijana kadhaa wa mtaani huja barazani kwangu Jumamosi, wakiwa na vibao vyao vya kompyuta, wanifundishe mashine nami niwafundishe magoti. Niliwaonesha filamu ya Isao Takahata, Only Yesterday, ya mwaka 1991, inayomhusu mwanamke wa miaka 27 wa Tokyo aendaye mashambani Yamagata kuvuna maua. Desturi ya Japani ilikuwa kuchora kwanza na kuweka sauti baadaye; Takahata, kwa sehemu za mwanamke huyu mtu mzima, alirekodi sauti kwanza, wachoraji wakafuata misuli ya uso wa wasemaji, na kila anapocheka mashavu yake hupanda na mistari miwili ikajikunja kando ya kinywa, jambo ambalo binti mfalme yeyote wa California angelikataa. Vijana wangu walilalamika kwamba inamzeesha. Sikubishana nao, niliwaagiza kila mmoja aende akamchore mama yake akicheka. Juma lililofuata wawili walileta michoro mizuri ya wanawake wanaotabasamu mbele ya kamera. Mmoja alileta udhuru, kwamba mamake alipojua anachorwa aliacha kucheka akaanza kumuuliza juu ya masomo. Na binti mmoja alileta ukurasa mzima wa mashavu, bila pua wala paji, akaniwekea mbele na kuuliza, "Babu, shavu likipanda, jicho liende wapi?" Nikamwambia kope ya chini ndiyo inayosukumwa, ya juu hubaki karibu na ilipokuwa, na akaanza upya.